Watu Si Takataka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, na kuchapwa humu kwa ombi la Kamati)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alisimama akauliza swali, na swali lake halikujibiwa kwa sababu saa zilikuwa zimekwisha. Aliuliza hivi: Chama chetu ni cha watu wa reli. Tunatoa ada kila mwezi ili kitutetee juu ya mishahara, saa za kazi, nyumba na malipo ya uzeeni. Kwa nini basi viongozi wanataka tuseme juu ya wanafunzi wanaopigwa na polisi, na wachuuzi wanaovunjiwa vibanda, na watu wanaolala chini ya madaraja? Hao hawana kadi ya chama. Wanatuhusu nini?

Swali hilo si la kuchekwa. Ada ni jasho la mtu, na mwenye jasho ana haki ya kuuliza linakwenda wapi. Kamati imenipa mimi kazi ya kulijibu. Sitalijibu kwa maneno matupu. Nitawaeleza habari za nchi moja, nayo ni Zimbabwe, ambayo zamani iliitwa Rhodesia ya Kusini. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wenzetu wa vyama vya wafanyakazi huko wameipita njia hiyo hatua kwa hatua, nasi tunaweza kuzihesabu hatua zao. Pili, mwanzo wa habari zenyewe uko katika reli.

SHERIA ILIYORITHIWA

Mwezi wa Oktoba 1945 wafanyakazi Waafrika wa reli ya Rhodesia waligoma. Mgomo ulianza Bulawayo, ukafuata njia ya reli stesheni kwa stesheni, hata ukavuka mto Zambezi na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Serikali ya wakati ule ilikuwa haijaona jambo kama lile. Aprili 1948 ukafuata mgomo mkubwa zaidi, wa watu wa kila kazi katika miji, hata wapishi na watumishi wa nyumbani. Na mmoja katika wale waliojulikana kwanza kwa kuongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli ni Joshua Nkomo, ambaye baadaye alikuwa kiongozi mkuu wa kupigania uhuru, na mwishowe Makamu wa Rais.

Serikali ya walowezi ilijibu kwa namna mbili. Mishahara iliongezwa kidogo, na sheria zikaongezwa sana. Mwaka 1960, baada ya ghasia za Julai katika miji ya Harare (wakati huo Salisbury) na Bulawayo ambazo ndani yake polisi waliwapiga watu risasi wakafa, ilitungwa Sheria ya Kulinda Amani na Utaratibu. Sheria hiyo ilimpa polisi na waziri uwezo wa kuzuia mkutano, kupiga marufuku maandishi, na kumfunga mtu miaka mingi kwa maneno aliyoyasema. Ilikuwa kali hata Jaji Mkuu wa nchi yao ya shirikisho, Sir Robert Tredgold, mzungu mwenyewe, akajiuzulu kazi yake kuliko kuitumia. Na mwaka huo huo wa 1960 ilitungwa sheria nyingine, ya watu wazururaji, ya kumkamata mtu asiye na makao wala kazi inayojulikana.

Ndugu zangu, angalieni jambo hili vizuri. Sheria ya kumnyamazisha mwenye kudai mshahara, na sheria ya kumwondoa mtaani asiye na mshahara, zilizaliwa mwaka mmoja, kwa mkono mmoja. Aliyezitunga alijua ya kwamba watu hao wawili ni wa nyumba moja.

Uhuru ulikuja tarehe 18 Aprili 1980. Bendera ilibadilika, na watu walifurahi kwa haki, kwa maana walikuwa wamemwaga damu nyingi. Lakini hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1965 na serikali ya Ian Smith haikuondolewa mpaka 1990. Na ile sheria ya 1960 iliendelea kutumika mpaka Januari 2002, ilipoandikwa upya kwa jina jipya. Ile ya 2002 nayo ikabadilishwa jina tena mwaka 2019. Mkoloni aliondoka, na rungu lake likabaki limetundikwa ukutani. Waliokuja baada yake walilikuta pale, wakalishika. Katika miaka ya 1983 mpaka 1987 maelfu ya watu wa Matabeleland na sehemu za Midlands waliuawa na jeshi la nchi yao wenyewe, na walioua walilindwa na nguvu zile zile za hali ya hatari.

WALIANZA NA WASIO NA MTETEZI

Sasa tuzihesabu hatua. Mwaka 1983 serikali ilifanya msako katika miji. Wanawake waliokutwa wakitembea jioni walikamatwa ovyo ovyo na kuitwa malaya, na katika hao walikuwamo waliokuwa wakitoka kazini au dukani. Vyama vingine vilipiga kelele, lakini watu wengi walisema: hilo ni jambo la wanawake wa mtaani.

Mwaka 1991 mkutano wa viongozi wa nchi za Jumuiya ya Madola ulifanywa Harare, na Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa mgeni. Ili mji upendeze macho ya wageni, watu waliokuwa wakiishi katika vibanda waliondolewa wakapelekwa shamba moja nje ya mji liitwalo Porta Farm. Waliambiwa ni kwa muda tu, watapewa mahali pa kudumu. Muda huo ulikuwa miaka 14. Walizaa watoto pale, wakawazika wazee wao pale, wakapata shule.

Kisha ukaja mwaka 2005. Uchaguzi wa Bunge ulifanywa mwezi wa Machi, na watu wa miji mikubwa wakachagua chama cha upinzani kwa wingi. Mwezi wa Mei, wakati wa baridi ya kule, serikali ikaanza kazi iliyoiita Murambatsvina, ambayo kwa Kishona ni kama kusema "ondoa uchafu". Watu wenyewe waliiita Tsunami, kwa jinsi ilivyopita. Polisi na askari wa jiji wenye tingatinga na nyundo waliingia mtaa kwa mtaa, kwanza Harare, kisha Bulawayo na miji mingine yote. Vibanda vya soko vilichomwa. Mali za wachuuzi zilichukuliwa. Nyumba zilibomolewa, na pengine mwenye nyumba alilazimishwa kuibomoa kwa mikono yake. Mkuu wa polisi wa nchi aliwafananisha watu hao na funza. Sheria iliyotajwa ilikuwa ya mipango ya miji, iliyotungwa mwaka 1976 na serikali ile ile ya Ian Smith.

Katika Hatcliffe Extension watu walikuwa wamewekwa na serikali yenyewe, wakiwa na karatasi za kukodisha viwanja. Walibomolewa. Masista wa Kikatoliki walikuwa na mahali pa kuwatunza mayatima hapo, nako kulibomolewa. Porta Farm nayo ilibomolewa mwishoni mwa Juni, ingawa mahakama ilikuwa imekwisha kutoa amri ya kwamba watu wasiondolewe kabla ya kupewa mahali pengine.

Umoja wa Mataifa ulimtuma Mama Anna Tibaijuka, binti wa Tanzania, aliyekuwa mkuu wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye ofisi zake hapa kwetu Nairobi. Taarifa yake ilitolewa Julai 2005. Ilisema ya kwamba watu karibu 700,000 walipoteza makao, au riziki, au vyote viwili, na wengine kufikia milioni 2.4 waliguswa kwa namna moja au nyingine. Nchi ile wakati huo ilikuwa na watu karibu milioni 12 tu. Pigeni hesabu wenyewe.

Na hawa watu walikuwa nani? Hapa ndipo jibu la mwenzetu linapoanza. Katika mitaa ya Mbare, Highfield na Chitungwiza mwenye nyumba hujenga chumba cha uani, akampangisha mfanyakazi mwenye mshahara mdogo. Chumba kile ndicho kilichobomolewa. Kwa hivyo aliyelala nje usiku ule alikuwa karani, fundi, mlinzi, mpishi wa hoteli. Na mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mzee aliyestaafu, au mjane, ambaye malipo yake ya uzeeni yameliwa na bei za vitu, naye huishi kwa kodi ya chumba hicho. Na yule mama aliyenyang'anywa nyanya na mboga sokoni alikuwa mke wa mfanyakazi. Mshahara wa mume ulikuwa haufiki tarehe 15, na nyanya ndizo zilizoufikisha mwisho wa mwezi. Aliyevunja kibanda kile amekata mshahara wa mwanachama bila kugusa karatasi ya mshahara.

WAKAJA KWA WANAFUNZI

Oktoba 1989 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe walisema hadharani juu ya ulaji wa mali ya umma katika serikali. Viongozi wao walikamatwa, na chuo kikafungwa. Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ZCTU, alikuwa Morgan Tsvangirai, aliyetoka katika kazi ya mgodi wa nikeli huko Bindura. Alitoa taarifa ya kulaumu kufungwa kwa chuo. Kwa taarifa hiyo tu naye alitiwa kizuizini. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuongeza mkono wa serikali ndani ya chuo.

Katika wanachama wake bila shaka walikuwamo waliomwuliza swali lile lile la mwenzetu: wanafunzi wanatuhusu nini? Bali siku zilizofuata zilijibu. Watu waliopigwa pamoja hujifunza kusimama pamoja. Polisi wakaendelea na chuo. Aprili 2001 waliingia mabwenini, na mwanafunzi mmoja akafa katika fujo ile. Julai 2007, baada ya wanafunzi kukataa nyongeza ya malipo, maelfu walitolewa katika mabweni kwa muda mfupi wakiwa na masanduku yao kichwani, katikati ya baridi na karibu na mitihani. Mtoto wa mkulima wa mbali, aliyekuja na nauli ya kuja tu, alilala wapi? Alikuwa amejiunga na wale wasio na makao. Aliondoka chuoni akiwa mwanafunzi, akafika barabarani akiitwa mzururaji.

WAKAFIKA KWETU

Tarehe 9 Desemba 1997 ZCTU iliita mgomo wa siku moja kupinga kodi mpya. Polisi wakapiga mabomu ya machozi mjini Harare. Siku mbili baadaye watu wakaingia katika ofisi ya Tsvangirai na kumpiga karibu ya kumwua. Januari 1998 bei za vyakula zilipanda, watu wakaingia barabarani, na jeshi likaitwa. Watu kadhaa walikufa.

Tarehe 13 Septemba 2006 viongozi wa ZCTU walitaka kuandamana kwa amani kudai mishahara ya kutosha na dawa za ukimwi. Walikamatwa kabla hata hawajafika mbali. Rais wa shirikisho Lovemore Matombo, Katibu Mkuu Wellington Chibebe, Makamu wa Rais Mama Lucia Matibenga na wengine walipelekwa kituo cha polisi cha Matapi, katika mtaa wa Mbare, wakapigwa mmoja mmoja na kwa zamu. Walitoka wakiwa na mikono iliyovunjika. Rais Robert Mugabe, akiwa safarini Misri, hakukana. Alisema polisi wakikuambia ondoka, uondoke, usipoondoka umejitakia.

Kumbukeni, Mbare ni mtaa ule ule uliobomolewa mwaka mmoja tu kabla. Polisi walikuwa wamejifunza kazi yao juu ya wachuuzi. Walipofika kwa viongozi wa wafanyakazi, mikono ilikuwa imezoea.

Machi 2007 mkutano wa sala na siasa katika Highfield ulivunjwa, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na Tsvangirai, ambaye wakati huo aliongoza chama cha upinzani, akapasuliwa kichwa. Shirika la Kazi la Ulimwengu, ILO, liliunda tume ya uchunguzi mwaka 2008, na tume hiyo ikakuta ya kwamba haki za vyama vya wafanyakazi zilikuwa zikivunjwa kwa mpango, wala si kwa bahati mbaya.

Msidhani ya kwamba mambo hayo yalikwisha Mugabe alipoondolewa Novemba 2017. Tarehe 1 Agosti 2018, siku mbili baada ya uchaguzi, askari jeshi walipiga risasi katikati ya Harare. Watu 6 walikufa, na tume iliyoongozwa na Kgalema Motlanthe, aliyepata kuwa Rais wa Afrika Kusini, ikasema waliuawa kwa mikono ya jeshi na polisi. Januari 2019 bei ya petroli ilipandishwa zaidi ya mara mbili kwa usiku mmoja. ZCTU ikaita watu wakae nyumbani siku 3. Intaneti ikafungwa nchi nzima, askari wakaenda nyumba kwa nyumba usiku, watu wakauawa, na viongozi wa ZCTU wakashtakiwa kwa kutaka kupindua serikali. Kukaa nyumbani, ndugu zangu, kukaitwa kupindua serikali! Asiye na nyumba alikuwa na hatia kwa kukaa nje, na mwenye nyumba akawa na hatia kwa kukaa ndani.

KAZI HIYO HUFANYWAJE?

Ukizitazama habari hizo zote utaona ya kwamba kazi hufanywa kwa namna moja.

Kwanza, watu hupewa jina. Huitwa uchafu, wazururaji, malaya, wahuni, vibaraka wa wageni. Ukiisha kumwita mtu takataka, aliye na ufagio huonekana anafanya kazi nzuri.

Pili, hutafutwa sheria. Mnakumbuka habari ya Nabothi tuliyofundishwa shuleni. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu. Yezebeli hakutuma wezi usiku. Aliandika barua zenye muhuri, akaita baraza la wazee, akaweka mashahidi wawili, shauri likakatwa, na Nabothi akapigwa mawe kwa kufuata taratibu. Kwa hivyo mtu akikuambia jambo fulani limefanywa kisheria, mwulize: sheria hiyo ilitungwa na nani, lini, na kwa ajili ya kumlinda nani?

Tatu, watu huchukuliwa kundi moja moja. Leo wachuuzi, na mwanafunzi anatazama. Kesho mwanafunzi, na mfanyakazi anatazama. Kesho kutwa mfanyakazi, na amebaki nani wa kutazama?

Nne, mahakama hupuuzwa mbele ya mtu mnyonge kwanza. Amri ya Porta Farm ilipuuzwa, na ulimwengu haukutikisika. Amri inayovunjwa kwa maskini bila mtu kusema neno, siku moja itavunjwa kwa kila mtu.

UPANDE WA PILI WA MANENO

Najua mwenzetu mwingine atasema: lakini mji lazima uwe na utaratibu. Vibanda huleta moto na magonjwa. Katika maandamano huingia wezi wakavunja maduka. Hayo ni kweli, nami siyakatai. Sisi wa reli tunayajua kuliko wengine. Njia ya treni si mahali pa kuuzia mitumba wala pa kulaza mtoto. Treni ya mizigo iliyoshehena haisimami ghafula kama baiskeli, na dereva aliyewahi kuona mtu mbele yake na breki haishiki, hasahau mpaka kufa kwake. Njia lazima iwe wazi.

Lakini kuna tofauti ya kuhamisha watu na kufagia watu. Anayehamisha huja mchana, ana karatasi, ametoa notisi, na ameonyesha mahali pa kwenda. Anayefagia huja alfajiri na tingatinga. Na mwizi akamatwe kwa wizi wake, apelekwe kortini. Wizi wake usiwe sababu ya kumpiga risasi aliyeshika bango.

Hapa kwetu sheria ya ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya miezi 3 kabla ya watu kuondolewa, na inataka watendewe kwa heshima. Na kabla ya hapo, mwaka 2013, Mahakama Kuu ilikata kesi ya wapangaji wa Muthurwa, nyumba ambazo zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ikakuta ya kwamba haki zao zilivunjwa kwa namna walivyotaka kuondolewa. Basi msidhani ya kwamba habari ya kufukuzwa ni ya watu wengine. Landi za reli zimo katika vitabu vya mahakama.

Na urithi wa sheria za mkoloni hatukuukosa. Sheria yetu ya utaratibu wa umma ni ya mwaka 1950, mwaka ule ule ambao Makhan Singh na Fred Kubai wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa na Nairobi ikagoma. Sheria ya wazururaji tulikuwa nayo mpaka 1997 ndipo ikafutwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilitoa shauri ya kwamba sheria za kukamata watu kwa uzururaji tu hazipatani na mikataba ya Afrika. Tena tunakumbuka Juni 2024, vijana wetu walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39. Katika vijana wale walikuwamo watoto wa wafanyakazi kama sisi, waliosomeshwa kwa ovataimu.

WAFANYAKAZI WANAWEZA KUFANYA NINI?

Sitaki mwondoke hapa na huzuni tu. Aprili 2008, Zimbabwe ikiwa imetoka katika uchaguzi na matokeo ya Rais yamefichwa, meli ya Kichina iitwayo An Yue Jiang ilitia nanga nje ya bandari ya Durban, Afrika Kusini. Ilibeba tani 77 za silaha za kupelekwa Zimbabwe, na ndani yake risasi karibu milioni 3. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imetoa ruhusa mzigo upite.

Lakini mzigo haupiti kwa karatasi. Hupita kwa mikono ya watu. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi cha huko, SATAWU, chenye watu wa bandari, wa malori na wa reli, kikasema kwa kinywa cha Katibu wake Mkuu, Randall Howard, ya kwamba wanachama hawataupakua wala hawataubeba. Askofu wa Kianglikana, Rubin Phillip, akaenda kortini pamoja na wanasheria, na tarehe 18 Aprili korti ikazuia silaha zisipite katika nchi. Meli ikang'oa nanga ikaondoka, mzigo ungali tumboni mwake.

Wapakuzi wale walikuwa na njaa kama sisi. Hawakuwa na bunduki. Waliowatetea hawakuwa na kadi ya SATAWU. Walikuwa wachuuzi na wanafunzi na wakulima wa nchi nyingine. Walijua tu ya kwamba risasi ile ikipita juu ya mabega yao, wameibeba wao.

Hilo ndilo jibu langu kwa mwenzetu. Wachuuzi na wanafunzi na wasio na makao wanatuhusu kwa sababu ndio sisi wenyewe kabla ya kuajiriwa, na ndio sisi siku ya kufutwa kazi, na ndio wake zetu na watoto wetu siku zote.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano mambo matatu, yapigiwe kura leo.

La kwanza: Katibu wa tawi aweke daftari la kila mwanachama, mke au mume au mtoto wa mwanachama atakayekamatwa katika maandamano au kubomolewa nyumba, pamoja na tarehe, mahali na namba ya gari la polisi ikijulikana, na habari zipelekwe kwa wakili wa chama siku hiyo hiyo. Jambo lisiloandikwa hukanwa.

La pili: Kamati ipeleke neno kwa mwajiri ya kwamba wanachama wa gangi ya njia wasitumwe kubomoa makao ya watu bila kuonyeshwa notisi iliyotolewa kwa muda wa sheria. Kazi ya gangi ni kutengeneza njia.

La tatu: kila mwanachama atoe shilingi 20 kwa mwezi, mbali na ada, iwe akiba ya chakula na dhamana kwa hao niliowataja. Mweka hazina aisome hesabu yake hadharani katika kila mkutano, hata senti.

Anayepinga asimame apinge, kwa maana chama ni cha kusema. Lakini anayekubali ainue mkono juu, tuhesabiwe.